Maziwa ya Somoe

Jumatatu, 3 Februari

Zamu ya asubuhi. Vikombe vya kunyweshea vimechemshwa, mabeseni yamechemshwa, na mimi mwenyewe nimechemka. Mvua inanyesha na joto halipungui. Kilwa hii ina mambo yake.

Somoe wa Kinjumbi ana siku ya tatu tangu ajifungue dume la kilo nne. Nyumbani ana mengine matatu, yote madume. Ana maziwa ya kunyonyesha kijiji kizima. Matiti yamejaa hadi yamekuwa magumu, anauma meno kwa maumivu. Nimemkanda kwa kitambaa cha maji ya vuvugu, nikamwonyesha namna ya kukamua kwa mkono. Kikombe kikajaa. Akainuka, akaenda kukimwaga kwenye sinki. Roho imeniuma.

Imeniuma kwa sababu ya kitanda cha dirishani. Hapo amelala Zuhura wa kisiwani Songo Songo. Alijifungua jana, miezi haijatimia, akapoteza damu nyingi. Damu tumemwongezea lakini bado hajiwezi. Mtoto wa kike, njiti, kilo moja na nusu haifiki vizuri. Kunyonya hawezi, ila ukimtilia kwa kikombe taratibu anameza. Tatizo ni cha kumtilia. Zuhura akikamua anapata matone, kisha anasinzia na kikombe mkononi. Mumewe yuko dago, kambi ya wavuvi upande wa Mafia, na simu yake haipatikani.

Aliyekuja na Zuhura ni mama mkwe wake, Bi Mwanaidi. Ndiye anayembeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa ile kangaroo tunayofundisha siku zote. Nilipotaka kumwelekeza afunge kanga vipi, alinitazama kama mtu anayefundishwa kula ugali. Kanga ilikuwa imefungwa vizuri kuliko ninavyofunga mimi.

Jumanne, 4 Februari

Maji yamekula barabara. Hakuna gari linalopita kwenda hospitali ya wilaya. Maziwa ya kopo hayapo dukani, daktari ameyaagiza Lindi kwa simu, yatafika barabara ikipitika. Dripu tuliyomwekea mtoto inamshikilia tu, haimkuzi.

Nikaenda kwa daktari na wazo la sinki. Huku tunamwaga, kule tunalia njaa. Akakuna kidevu. Kwa utaratibu wetu mtoto hapewi maziwa ya mama mwingine hivi hivi. Vipimo vyote vya Somoe virudiwe, na pande zote mbili ziridhie. Vipimo vimerudiwa, ni safi. Somoe amekubali kabla sijamaliza kusema. Zuhura ametikisa kichwa, ndiyo.

Bi Mwanaidi amesema hapana. Au tuseme, amesema bado. Akaanza kumhoji Somoe kama karani wa mahakama. Mume wako mtoto wa nani? Mama yake nani? Ana mke mwingine? Ana watoto kwa huyo mwingine? Wewe mwenyewe ulinyonyeshwa na nani? Somoe akawa anajibu kwa adabu zote, mtoto anapiga kelele mkononi. Nilidhani bibi anatafuta uungwana, anataka ajue kama hawa ni watu wa hadhi yake. Nikakasirika sana. Nikatoka nje nisije nikasema.

Kisha akataka mume wa Somoe aje mwenyewe. Anaitwa Bakari, yuko Mingoyo huko Lindi kwenye biashara zake, na barabara haipitiki. Nikasema tumpigie. "Simu inasema chochote," kanijibu.

Mchana nikamuuliza Somoe, hivi yule bibi anatafuta nini hasa? Akacheka, mkono kifuani kwa maumivu. Kumbe ni undugu wa kunyonya. Mtoto akinywa maziwa yangu akashiba, akasema Somoe, mara tano hivi, amekuwa mwanangu. Bakari anakuwa baba yake. Wanangu wote, waliozaliwa na watakaozaliwa, kaka zake. Hawezi kuolewa na yeyote kati yao, wala na watoto wa Bakari kwa mke mwingine, wala na kaka zake Bakari, maana hao ni baba wadogo na wakubwa.

Mimi Mmakonde wa Newala, Mkristo, mwaka wa kumi na kitu sasa nipo pwani hii, na jambo hili nilikuwa nalijua nusu tu, kama mtu anayejua wimbo hajui maneno. Nikauliza mpaka akachoka. Je, anarithi? Harithi. Je, wadogo zake atakaowazaa Zuhura baadaye? Hao hapana, ni aliyenyonya tu. Je, akinywa kwa kikombe, si titi? Hapo akasita. Akasema wengi wanasema ni yale yale, tumbo halijui mlango. Hilo nimelipenda.

Kwetu ukoo unafuata mama. Nilidhani nimeshajua njia zote za watu kuwa ndugu.

Jumatano, 5 Februari

Mtoto amepungua. Amepimwa mara mbili kwa sababu sikuamini mzani. Matone ya Zuhura hayatoshi hata kulowesha ulimi. Daktari anasema akishuka zaidi, atashindwa hata kumeza.

Nina akili nyingi, ndiyo taabu yangu. Nikapata jibu nikiwa naosha mikono. Wodini wapo akina mama wanyonyeshaji watatu mbali na Zuhura. Wote wakamue, wote wapimwe, nichanganye kwenye jagi moja. Mtoto anywe. Hakuna atakayejua alikunywa ya nani, basi hakuna undugu, umepotelea humo ndani. Nikaenda kumweleza Bi Mwanaidi nikiwa nimejaa furaha kama mwanafunzi aliyepata hesabu.

Alisimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka hivyo.

"Kha! Wewe nesi una wazimu? Nilikuwa namtaka mama mmoja nimjue, unampa watatu asimjue hata mmoja?"

Akina mama wengine wakaanza kunong'ona. Yule wa mlangoni akamfunika mwanawe, kama vile nakuja kumkamua kwa nguvu. Daktari ameniita ofisini na kunisema. Ana haki ya kusema. Jambo la dini ya watu nimelipeleka kama mapishi ya mchuzi.

Nimejiona mpumbavu. Lakini bado sielewi. Kama kutojulikana si dawa, kwa nini kutojulikana kumemtisha kuliko njaa yenyewe?

Alhamisi, 6 Februari

Nimempa shikamoo asubuhi. Kaitikia marahaba kwa midomo tu.

Ameacha kuniamini. Hataki kumfungua mtoto kifuani pake. Kikombe cha matone ya Zuhura hakubali kukipokea kwangu mpaka aone kwa macho yake yametoka titi gani. Nikipita na kikombe chochote, hata cha chai yangu, ananifuata kwa macho mpaka mlangoni. Anadhani nitamnywesha mtoto kwa siri. Kusema kweli wazo hilo lilinipitia jana jioni nikila. Likapita, likaenda zake.

Saa nne asubuhi nikaingiza mkono ndani ya kanga kupima joto. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi, ngozi imelegea. Nikamgusa shavu, hakugeuza kichwa. Jana alikuwa anageuza.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia mbele ya wodi nzima: Bibi, mtoto ana kilo moja na ushee, na wewe kutwa unamfikiria harusi.

"Na wewe unamfikiria nini?" akasema. "Sanda?"

Ni kweli. Tangu Jumapili sijamfikiria huyu mtoto zaidi ya kesho yake. Daktari vilevile. Hata mama yake, maskini, anamtazama kama mtu anayeaga. Katika jengo hili lote ni mtu mmoja tu aliyemwona mkubwa, amevaa, anaposwa. Ni huyu ninayemwita mkaidi.

Nikakaa kitandani pake. Nikamwomba radhi, kwa sauti, ili waliosikia ya kwanza wasikie na ya pili. Kisha nikamuuliza. Sikumuuliza dini inasemaje, nilimuuliza yeye kimempata nini.

Akaniambia huku akimpapasa mtoto mgongoni. Naandika ninavyokumbuka.

Aliolewa angali msichana, na kijana anayeitwa Salumu. Wakapendana. Hilo alilisema hivyo hivyo, bila aibu: tulipendana. Wakapata mtoto wa kiume, ndiye huyu aliyeko dago, mume wa Zuhura. Mtoto alikuwa anaanza kutambaa, akaja mama mmoja mzee aliyekuwa amehamia mbali siku nyingi. Akakaribishwa, akala, akashiba, akauliza kijana huyu wa nani na binti huyu wa nani. Walipomtajia, akaweka mkono mdomoni. Wote wawili aliwanyonyesha yeye. Ulipita ugonjwa, kina mama walikuwa hoi, yeye alikuwa na maziwa, akawa ananyonyesha mtoto wa yeyote aliyelia. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeuliza. Wazazi wa pande zote walikuwa wameshakufa.

Wakaenda kwa shehe. Wiki haikuisha, wakatenganishwa. Mke na mume hao hao, sasa kaka na dada.

"Hakuna aliyekosa, mwanangu. Ningepata hata mmoja wa kumchukia, ningepumua."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mimi nilimletea nyoka mzima kwenye jagi, nikitabasamu.

Basi nikaelewa, na nilivyoelewa nikataka kujipiga. Bibi hajawahi kukataa maziwa. Anakataa kificho. Anachotaka ni ijulikane, na watu wengi, wengine wakifa wabaki wengine.

Nikamwambia: simu inasema chochote ikiwa sikioni mwa mtu mmoja. Je, ikisikika na wodi nzima? Akafikiri. Akasema mwite na daktari. Nikamwita daktari, nikamwita na mlinzi wa getini, nikawaita ndugu waliokuja kuangalia wagonjwa, na mama muuza uji pia, na sufuria yake. Somoe akampigia Bakari, tukaweka sauti kubwa, simu juu ya meza ya dawa.

Bi Mwanaidi alizungumza mwenyewe. Akajitaja yeye na kwao. Akamtaja mwanawe, akamtaja Zuhura na kwao. Akasema: tunamwombea mjukuu wangu maziwa ya mkeo, akinywa atakuwa binti yako, na hapa tupo wengi tunasikia. Unaridhia?

Nikasikia pikipiki zinapita huko Mingoyo. Nikahesabu moyoni kila kitu kinachoweza kumfanya mwanamume akatae.

"Mtoto mwenyewe wa kike?" akauliza Bakari.

Wa kike.

"Alhamdulillahi. Mimi hawa madume wananimalizia nyumba. Mpeni anywe. Na mtu yeyote asije huko mbele kusema hakuambiwa."

Watu wakacheka, muuza uji akapiga kigelegele. Bi Mwanaidi hakucheka. Akafungua kanga, kwa mara ya kwanza tangu jana, akanipa mtoto.

Somoe alikamua palepale, mbele ya kila mwanamke, wanaume wametolewa nje. Nikamtilia mtoto ukingoni mwa mdomo, tone, tena tone. La kwanza likamtoka pembeni. La pili likamtoka. La tatu likakaa. Akameza. Akatoa ulimi kutafuta jingine.

Nimeandika mengi leo. Siwezi kulala vizuri na hata sitaki.

Ijumaa, 7 Februari

Uzito haujashuka. Miguu ina joto.

Limetangazwa msikitini baada ya swala. Mlinzi ameniletea habari: imamu kawataja wote kwa majina, maziwa ya nani, kwa mtoto wa nani, na akawataka waliosikia wawaambie wasiokuwepo. Basi sasa Kilwa yote inajua. Muuza dagaa ameniuliza binti wa Bakari anaendeleaje.

Maji yamepungua pale barabarani. Bakari amevuka kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini, kaja kumwona. Mwanamume mnene, mwenye makelele. Alipoonyeshwa mtoto sauti ikamwishia. Akauliza kama anaruhusiwa kumgusa. Nikamwambia anawe mikono kwanza. Alinawa mpaka nikamwambia inatosha.

Jumapili, 9 Februari

Nimetoka kanisani nikapitia wodini, ingawa si zamu yangu. Udaku tu.

Maziwa ya Zuhura yameanza. Ameshinda akimweka mtoto kifuani yeye mwenyewe, amekula, rangi inarudi. Nilimwonyesha namna ya kukanda na kukamua, akatoa robo kikombe, akaniangalia kama ameiba. Nikamwambia ni yako, hukuiba. Akalia. Nami nikalia kidogo, sijui kwa nini, nimeona robo vikombe vingi maishani.

Mtoto kapewa jina jana. Riziki.

Nimemuuliza Bi Mwanaidi: sasa kwa kuwa mama yake ana maziwa, je, undugu na Somoe unakoma? Akanitazama kwa huruma. Kwani wewe ulipoacha kunyonya, mama yako aliacha kuwa mama yako?

Sawa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Jumatano, 12 Februari

Somoe tulimbakiza kwa ajili ya Riziki, leo karuhusiwa. Yeye na dume lake wako imara. Kabla hajaondoka alimnyonyesha Riziki titi lenyewe, maana sasa anajaribu kunyonya, anavuta kidogo, anapumzika, anavuta tena. Dume limelazwa pembeni likikasirika. Somoe akaliambia linyamaze, dada yako huyo.

Kopo la maziwa kutoka Lindi limefika mchana. Nimelifungia kabatini.

Jumanne, 25 Februari

Wamekwenda.

Riziki amevuka kilo mbili. Ananyonya kwa mama yake, hahitaji kikombe. Daktari amesaini. Nimewaita kwenye chumba cha mzani kumpima mara ya mwisho na kumweleza Zuhura dalili za hatari, na tarehe ya kurudi kliniki.

Aliyekuja kuwachukua ni mzee mrefu, mwembamba, koti la zamani lililopigwa pasi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akajitaja: Salumu, babu wa mtoto. Ndiye yule Salumu wa Bi Mwanaidi. Ana mke mwingine na watoto wakubwa, Zuhura aliniambia baadaye, lakini kila likitokea jambo kwa mwanawe, anakuja.

Kwa wiki hizi zote sijawahi kuona nywele za Bi Mwanaidi. Wodini daktari anaingia saa yoyote, na bibi hujifunika hata akilala. Leo upepo ulikuwa unaingia dirishani na mtoto hana kofia. Zuhura alikuwa anafunga mizigo. Bi Mwanaidi akavua kanga ya kichwani, akaikunja mara mbili, akamfunga nayo Riziki. Akabaki kichwa wazi mbele ya yule mzee. Nywele nyeupe, zimesukwa mistari minne, nadhifu. Nilitaka kumkumbusha kuna mwanamume chumbani. Kisha nikakumbuka. Mbele ya kaka mtu hajifuniki. Hiyo ndiyo haki waliyobakiziwa.

Mzee hakuziangalia nywele. Alimwangalia mtoto, akamchukua, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Amefanana na wewe, dada," akasema.

"Pua hiyo siyo yangu," akasema Bi Mwanaidi. "Pua ni yako, kaka."

Wakacheka wote wawili, polepole, kama watu waliolizoea jambo. Nilikuwa na maswali. Sikuyauliza.

Nimewasindikiza hadi getini. Bajaji ilikuwa inasubiri kuwapeleka bandarini. Babu alikaa mbele na dereva, wanawake nyuma na mtoto. Baadaye nikarudi wodini kubadilisha shuka za kitanda cha dirishani.